Mgeni Hataniwi

Marietha alijua mambo yameharibika pale kalamu ya afisa ilipoanza kukimbia.

Kamati ya kuhakiki maombi ya vitambulisho ilikuwa imekaa katika ofisi ya mtaa, Bunju, nyuma ya soko. Chuo cha uuguzi kilikwisha kumpokea Marietha, ila usajili ulifungwa Ijumaa, na bila namba ya kitambulisho hakuna kusajiliwa. Marehemu baba yake, Albano, alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala. Tangu redio zianze kusimulia habari za wageni wanaovuka mto Ruvuma, watu wa asili ya mpakani walikuwa wakiulizwa maswali ya ziada, na lazima waje na shahidi anayeujua ukoo. Marietha akaja na mzee Benjamin, Mngoni, jirani aliyezeeka pamoja na baba yake.

Kosa likawa hapo. Mngoni na Mmakonde ni watani, na mtani akiulizwa habari za mtani wake, huanza kwa kumtukana. Ndiyo adabu yenyewe. Kwa hiyo afisa Kamugisha alipouliza ukoo huu umetoka wapi, mzee alijiweka sawa kitini.

"Hawa? Hawa tuliwavusha Ruvuma wenyewe, mwanangu. Tuliwabeba kwenye tenga kama kuku."

Wajumbe wa mtaa wakacheka. Kamugisha, mtu wa Kagera, hakucheka. Aliandika neno kwa neno, kisha akasema ombi litapelekwa kwenye uchunguzi zaidi. Uchunguzi huo ulijulikana: watu waliusubiri hadi wakasahau walichokuwa wameomba.

Mzee Benjamin akaeleza haraka kwamba ule ulikuwa utani tu. Kamugisha akamjibu, bila ukali, kwamba hana namna ya kuchagua lipi katika maneno ya shahidi ni kweli na lipi ni mchezo. Agizo limetoka juu. Yeye analitekeleza.

Marietha alitazama mikono yake. Kwenye benchi la mlangoni aliketi Nawal, rafiki yake tangu sekondari, binti wa wenye duka la vitambaa. Maombi yake yalipita asubuhi ileile, naye alibaki kumsubiri mwenzake. Sasa akasimama.

"Samahani, kaka. Mie babu yangu alitoka Muscat, Bunju nzima inajua. Mbona mie umeniuliza jina la shule tu?"

Kamugisha alisema Muscat haipakani na Tanzania. Alipolisema hilo aliinua macho kutoka kwenye karatasi, kana kwamba limesemwa na mtu mwingine na yeye amelisikia tu.

Mzee Benjamin alivua kofia yake. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona hivyo, hana hata chembe ya mzaha usoni.

"Mgeni hataniwi, mwanangu. Mgeni hupewa kiti, hupewa maji, huulizwa habari za safari. Albano alipokufa, mimi nililala kaburini mwake nikakataa kutoka mpaka wafiwa wanipe jogoo. Nani humfanyia mgeni hivyo?"

Kamugisha aliuliza taratibu, "Walikupa?"

"Walinipa. Kadogo, lakini walinipa."

Kamugisha akaiweka kalamu chini. Alisema, akimtazama Marietha, kwamba mama yake aliwahi kuhojiwa namna hii huko kwao, kwa sababu ya lafudhi yake. Alijibu kila kitu sawasawa, na hawakumwamini. Akaikata ile sentensi ya tenga, akaandika mpya, akawaomba wajumbe watie saini kando yake.

"Namba itatoka kabla ya Ijumaa," alisema. "Juu wakiuliza, nitajibu mimi."

Nje jua lilikuwa kali. Nawal alimshika Marietha mkono na kuuminya. Mzee Benjamin alitembea nyuma yao, kofia bado mkononi. Walipita wauza mihogo, wakapita fundi wa viatu, na mzee hakuwa na neno hata moja kwa yeyote.

Marietha akaona kwamba utani wa mzee nao ungeweza kubaki kule ofisini. Akasimama, akamgeukia.

"Babu, Mngoni gani wewe unayeogopa meza na kalamu? Kumbe mlivyotisha kule kusini ilikuwa sauti tu?"

Mzee alimkodolea macho. Kisha akaivaa kofia yake.

"Nyamaza, kuku wewe," alisema. "Tenga bado ninalo."