Kufuli Linalozungusha Namba

Fundi saa aliamka na nafuu. Jana yake homa ilimlaza kutwa nzima na karakana haikufunguliwa, lakini lililomkera kuliko homa ni lile kufuli.

Lilikuwa kufuli la namba, vigurudumu sita, urithi wa baba yake. Mzee alilichagulia namba yenye maajabu: 142857. Hiyo ni ya Jumatatu. Jumanne unaizidisha kwa mbili, Jumatano kwa tatu, hivyo hivyo hadi Jumamosi, na tarakimu zinabaki zile zile, zimefuatana vile vile, ila kila siku inatangulia nyingine, kama watoto wanaozunguka wameshikana mikono. Jumapili, mara saba, zote zinageuka tisa. Mzee alikuwa akisema hata namba hupumzika. Kila jioni, aliyefunga aliliwekea kufuli namba ya kesho. Mtu wa nyumba ile hakuhitaji ufunguo, wala kuuliza.

Kisha kaka yake fundi akagombana na mzee, akaondoka. Hata kwenye mazishi ya mzee hakuonekana. Dada mtu, ndiye huyu fundi, akarithi nyundo, koleo na kazi ya kubadilisha namba kila jioni, mpaka shangazi yake, aliyempokelea wateja, akachoka kutazama.

"Nunua kufuli la ufunguo, mwanangu. Kakako akirudi atabisha hodi kama watu."

"Hodi ni ya mgeni, shangazi."

Alhamisi hiyo alipofika mlangoni, akaganda. Yeye akifunga huacha sifuri tupu. Sasa vigurudumu vilisimama 571428, namba ya Alhamisi. Na kufuli lilikuwa bado linafunguka kwa namba ya Jumatano, maana jana hakuwapo wa kuibadilisha.

Kaka yake alikuja. Alizidisha kwa nne kichwani kama walivyofundishwa, akavuta, kufuli likamkatalia. Angedhani nini, ila kwamba nyumba imemfuta?

Alitazama barabara huku na huko. Wapita njia tu.

Shangazi alipowasili alimkuta ameshaliwekea kufuli namba ya leo, na anaufunga tena mlango asubuhi ile ile. Akamuuliza kama homa imempanda kichwani, na wateja wataambiwa nini.

"Wangoje. Mbona mimi nimengoja," akasema. "Kaka akirudi, nataka alikute kufuli linamjua."

Akavuka barabara, akaketi kwa muuza chai, macho kwenye mlango wake mwenyewe. Muuza chai akamtania kwamba leo fundi kajifungia nje. Akatabasamu. Tarakimu zile hazijawahi kupotezana, alijiambia; aliye mkiani leo, kesho huongoza.

Chai ikapoa. Kila mpita njia aliyepunguza mwendo mbele ya mlango ule aliusimamisha moyo wa fundi, kisha akapita, na fundi akaanza kungoja upya.