Fiti ya Baba

Kiingereza chote cha baba yangu kilikuwa neno moja, na hilo moja alilifanyisha kazi za maneno mia. Chai ikikolea sukari, fiti. Mvua ikikatika, fiti. Ukimuuliza hali, yuko fiti. Mchumba wa dada yangu alipokuja kujitambulisha, baba alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akamnong'oneza mama, "Huyu hafiti." Na kweli, mwaka haukuisha tukasikia ana mke mahali pengine. Mtaani walimwita Fundi Fiti, naye akaitika.

Lakini ilikuwepo fiti moja isiyotoka ovyo, nayo ilikuwa ya kazi. Chumba chetu cha mbele ndicho kilichokuwa duka. Natamani hata leo kukisikia asubuhi: cherehani mbili zikijibizana, harufu ya pasi ya makaa, baba akipuliza vumbi la chaki kwenye meza ya kukatia. Mteja akishavaa nguo yake mpya mbele ya kioo, alidhani mambo yamekwisha. Thubutu. Baba alimwambia anyanyue mikono yote juu. Halafu akae kwenye kigoda. Halafu ainame kama anayetafuta sindano iliyoanguka. "Nguo si ya kusimama nayo tu kama mlingoti," alisema. Akiona kwapa linavuta au mgongo unapanda, alisema, "Bado," akachukua wembe akafumua, hata kama mteja ni bwana harusi na watu wanamsubiri. Nguo ikikubali, alirudi nyuma kidogo, akatazama, ndipo akasema polepole, "Fiti."

Mimi nilianza kujifunza kwake kabla miguu yangu haijafika kwenye kanyagio la cherehani. Nilishona sare za shule, mashati, magauni, na miaka yote hiyo niliambulia bado. Kilichoniudhi ni kwamba chai yangu aliiita fiti, nywele zangu fiti, hata kikohozi changu kilipopona, fiti. Kushona, bado. Iliniuma, sifichi. Siku moja nilimwambia mama kuwa nitazeeka bila kuisikia.

"Mvumilivu hula mbivu, mwanangu," akanijibu.

"Mbivu zenyewe zimeshaozea mtini, mama."

Kisha baba akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalala, na maneno yote yakamtoka, likabaki moja tu. Unalijua.

Akisikia njaa, fiti. Akitaka kugeuzwa ubavu, fiti, kwa sauti ya chini. Mama akawa Fiti, mimi Fiti, paka Fiti. Tukajifunza kumsoma machoni. Nami neno nililolingoja tangu utotoni nikawa namwagiwa mchana kutwa, na halikuwa na thamani tena. Nilimwonyesha gauni nililolihangaikia wiki nzima, akasema, "Fiti." Nikamwonyesha kitambaa cha kufutia meza, akasema, "Fiti." Nilirudi kwenye cherehani yake nikalia, maana nilijua ile ya kazi imekwenda na sitaipata kamwe.

Basi nikaamua angalau avae vizuri. Kumvalisha kulikuwa mieleka, kwa hiyo nilimshonea shati lenye mkono wa kushoto mpana, wa kupitisha ule mkono wake mzito bila kumuumiza. Nilimkalisha kwenye kigoda, mbele ya kioo, nikamfunga vifungo, nikangoja fiti yangu ya bure.

Haikuja. Alijitazama. Kisha akaushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akainyanyua yote miwili juu. Akaishusha. Akainama, akainama zaidi, mpaka nikamshika bega nikiogopa ataanguka. Alipokaa sawa alilitazama kwapa la kushoto kwa muda mrefu. Midomo ikahangaika, jasho likamtoka.

"Bado," akasema.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani amesema?"

Nilikuwa nimepiga magoti nacheka huku machozi yananitiririka, na vidole vinashindwa kufungua vifungo nilivyovishona mwenyewe. Mama alimtazama baba, akanitazama mimi, akaketi palepale kwenye meza ya kukatia, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kukaa.

Na alikuwa amesema kweli. Nilipanua mkono nikasahau kupunguza kwapani, kitambaa kikajaa kikajikunja. Fundi yeyote angeona. Nikamvua shati, nikachukua wembe, nikavuta kigoda kingine karibu naye, nikaanza kufumua. Baba aliniinamia kunisimamia, kama zamani, na nilipofumua kwa pupa akanipiga kidogo kwenye mkono.