Dakika Nne za Mvua

Nimekaa miaka thelathini katika genge la majambazi la mji wa Amagasaki, Japani, na sijawahi kuona jambazi akisimama kwenye mvua kwa hiari yake. Tulikuwa na miavuli. Lakini Kitazume, mwongozaji wa ile filamu, kijana wa Tokyo anayevaa skafu hata kwenye joto la mwezi wa nane, alisema mwavuli unaharibu huzuni. Basi watu wazima wakaloweshwa kama kuku kwa saa mbili nzima.

Aliniajiri nimfundishe mambo ya genge. Nilikubali kwa sababu ya binti yangu Chizuru. Nilimwacha na mama yake akiwa na miaka sita, wiki ile niliyokunywa kikombe cha sake, pombe ya mchele, mbele ya bosi nikawa mwanawe wa kiapo. Tangu siku hiyo sikuwa nimesema naye. Nikaona filamu itanisemea. Nikamwandikia Kitazume ukurasa mzima: jambazi anapiga magoti mlangoni, anamuaga mtoto wake na kumwomba msamaha. Kitazume aliusoma akafuta machozi.

"Mzee Munakata, hii ndiyo roho ya filamu!"

Filamu ilipokamilika, nikampelekea Chizuru tiketi kwa posta. Sikutegemea angekuja, lakini alikuja, onyesho la mchana, akaacha kiti kimoja kitupu kati yetu.

Filamu ikaanza kunitia aibu mapema. Kile kikombe cha kiapo, ukishakinywa, unakifunga kwa karatasi na kukitia kifuani, unaondoka nacho maisha yako yote. Nilimwonyesha mwigizaji aliyecheza jambazi mara kumi. Yeye akakirudisha kwenye sinia kama mlevi wa baa. Kibaya zaidi, kimono chake kilikunjwa upande wa kulia juu ya wa kushoto, namna tunavyomvika maiti. Bibi mmoja nyuma yetu hakuvumilia.

"Jamani, bosi anamwapisha marehemu!"

Ukumbi mzima ukacheka, na Chizuru naye.

Kinachoniuma ni kwamba ingeweza kuwa filamu. Yule mwigizaji ana macho ya mtu aliyewahi kumuuza rafiki yake. Angepewa maneno mawili tu, tungelia. Kitazume alimpa sigara.

Hatimaye ikafika ile sehemu ya mlangoni. Mvua. Jambazi anamtazama mtoto, anafungua mdomo, anaufunga, anaondoka. Dakika nne za mvua na saksafoni. Katika ukurasa wangu halikubaki hata neno moja.

Taa zilipowashwa nikamkuta Kitazume nje ya ukumbi, anapokea pongezi.

"Mzee, umeuona ule ukimya?"

"Nimeuona. Maneno yangu yako wapi?"

"Maneno yangeua hisia, mzee wangu."

"Hisia gani, we mjinga? Watu walikuwa wanakoroma! Umechukua maisha ya mtu ukayafanya tangazo la sigara. Na hiyo skafu, unaumwa koo?"

Nikamtukana mpaka mate yakanikauka. Kisha nikamgeukia Chizuru, ambaye alikuwa amesimama kando na mkoba wake.

"Usiamini pale mlangoni. Kulikuwa na maneno. Nilipiga magoti, nikakuomba..."

"Ulipiga magoti lini?"

"Siku ile."

"Siku ile nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimekaa pale mlangoni navaa viatu vya shule. Ulinitazama, ukafungua mdomo, ukaufunga, ukaenda. Filamu ni upuuzi mtupu, na mvua ndiyo kabisa, maana jua lilikuwa linawaka. Lakini pale nilikuona wewe."

Kitazume akajifanya anasoma bango ukutani. Mimi nilisikia uso unanichoma. Kumbe yale maneno niliyatunga, na kwa miaka yote nilikuwa nimeyaamini.

"Hayo uliyomwandikia huyu," Chizuru akasema, "niambie mimi. Nipo hapa."

Akangoja. Aliangalia saa yake mara moja, akaendelea kungoja. Dakika chache nyuma nilikuwa na matusi ya kumtosha kila mwongozaji wa Japani. Ule ukurasa niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikaufuta na kuuandika upya kwa wiki tatu. Sasa halikunijia hata neno la kwanza.

Chizuru akaniinamia kidogo kuniaga, kama muuza duka anavyomwinamia mteja, akaenda kituo cha treni.