Namba Aliyoniachia Mwalimu

Mume wangu, ambaye hata mimi nilimwita Mwalimu, alifumbua macho pale kitandani hospitalini akasema, "Milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja kumi na saba. Ivunje." Akayafumba. Hakusema neno tena.

Daktari alinishika bega, akaniambia mgonjwa anaweweseka kwa homa. Sikubisha, lakini moyo uligoma. Sote wawili tulifundisha hesabu maisha yetu yote, na huo ndio uliokuwa mchezo wetu: mmoja anataja namba kubwa, mwenzake anatafuta namba ambazo zikizidishwa zinaileta. Mwiko ulikuwa mmoja tu, kutoa namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwalimu hakuwahi kunifanyia hivyo. Kwa hiyo namba yake ikigawanyika, alikuwa na akili zake timamu. Ikiwa tasa, basi mume wangu alikuwa ameshaondoka, na mimi niliagana na homa.

"Wenzako wanaachiwa nyumba, wewe umeachiwa namba!" wifi yangu alinitania alipokuja kunijulia hali baada ya mazishi. Kisha akaiona meza ilivyojaa karatasi, akaacha kucheka. "Wifi, kaka alikuwa na homa kali. Utajiumiza bure."

"Niache nijiumize. Nyumba yote hii kimya, unataka nifanye nini?"

Niliigawa kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kila namba tasa iliyokuwa kwenye jedwali letu la zamani. Kila mara baki. Nikafika mwisho wa jedwali, mia tisa tisini na saba. Baki tena. Nikaweka kalamu chini nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea haya.

Asubuhi, nikiosha kikombe changu, nikashtuka. Jedwali liliishia kabla ya elfu moja! Kipeuo cha pili cha namba ile kinapita elfu moja, na huachi kugawa mpaka ukifikie. Mwalimu mzima mimi, kosa nililowakemea watoto wa watu miaka nenda rudi! Nikakimbilia mezani na povu mikononi. Elfu moja na kumi na moja mara yenyewe: 1,022,121. Toa nne. Jamani, ndiyo yenyewe! Na nne ni mbili mara mbili, basi unapunguza mbili huku, unaongeza mbili kule: 1,009 mara 1,013. Homa haitungi kitu kama hicho. Alikaa akaipanga kichwani, mjanja yule.

Nikampigia wifi. "Inagawanyika!" nilipiga kelele.

"Afadhali," alisema kwa upole. "Sasa umeridhika?"

Niliishusha simu mezani. Nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo sijamwambia mtu. Kabla tu Mwalimu hajafumbua macho na kutaja ile namba, nilimwinamia sikioni nikamuuliza, "Ukienda, mimi nitabaki kuongea na nani?"

Siku zote nilidhani hakunijibu.