Hakuna Mwanamume Kuingia

Kaka yangu Muatasim hakuniomba. Aliniambia tu, "Vaa abaya lako, Balqis, twende Nizwa tukamtoe Hala," kana kwamba Hala ni gari aliloliegesha pabaya.

Hala ni mdogo wetu wa mwisho, nahodha wa timu ya kikapu ya wasichana ya chuo cha Ibra, hapa Oman. Mchana ule walikuwa wanacheza fainali ya ubingwa wa vyuo vya mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah, na wenyeji, chuo cha Nizwa, ndio wapinzani wao. Asubuhi ya siku hiyo hiyo akapiga simu mama yake Luay, kijana wa Sur anayemposa Hala, kusema kwamba wamebadilisha siku. Hawaji tena Alhamisi, wanakuja leo baada ya Alasiri kumtazama mtoto. Muatasim akajibu, "Ahlan wa sahlan, nyumba yenu." Hakumuuliza mama yetu, hakuniuliza mimi, na Hala ndiyo kabisa, habari hana.

Kwetu, tangu babu zetu wako Unguja, mchumba hutazamwa na wanawake wa upande wa mume. Wanakaa, wanakunywa kahawa, msichana anaingia na sinia, wanamwangalia anavyotembea na anavyoitika salamu. Sina neno na hilo, hata mimi nilitazamwa. Lakini nilitazamwa siku niliyoambiwa.

"Mpira utakuwepo mwakani," alisema Muatasim tulipokuwa tunaipita Sinaw. "Watu hawa hawatakuwepo."

"Mwakani gani? Mtoto anamaliza chuo mwaka huu."

"Basi ndo vizuri, khalas, yamekwisha."

Nikaushika mkanda kwa sababu usukani alikuwa nao yeye na alikuwa anaendesha kama mwendawazimu. Roho ilikuwa inanichemka mpaka masikio.

Pale ukumbini mlango ulikuwa umetundikwa pazia zito, na mbele yake amekaa Bi Mwanamboka, mama wa Kitanga mwenye mwili wake, na kapu kubwa la simu miguuni. Michezo ya wasichana huwa hivyo: hakuna mwanamume kuingia, wala simu. Muatasim akataka kupita. Bi Mwanamboka akanyoosha mguu.

"Wanaume mwisho hapa, baba."

"Mimi kaka yake."

"Kila anokuja hapa kaka wa mtu. Mwisho hapa."

Nilitamani kucheka. Hala alipoingia timu, ni huyu huyu Muatasim aliyekwenda chuoni na kaka wenzake kushika bango: mwanamume asiingie, simu isiingie, la sivyo dada zao hawachezi. Chuo kikakubali, na vyuo vingine vikafuata. Pazia lile lilikuwa lake yeye zaidi kuliko la mtu yeyote.

"Ingia wewe," akanambia, uso umemwiva. "Mtoe sasa hivi. Usikae."

Nikaiweka simu yangu kapuni, nikaingia.

Kelele zilinipiga usoni. Mashangazi, wanafunzi, walimu, wote wanapiga vigelegele, na katikati ya uwanja, mdogo wangu na jasho lake, anakimbia na mpira huku akiwapangia wenziwe kwa mkono. Sikuwahi kumwona akicheza. Nyumbani Hala ni mtu wa "naam" na "haya". Hapa alikuwa anamfokea msichana aliyemzidi kimo, na yule msichana anamsikiliza! Ilikuwa robo ya tatu na Ibra wako nyuma.

Kocha akaomba mapumziko. Hala akaniona nimesimama pembeni na abaya langu jeusi. Akaja mbio, midomo imemkauka.

"Dada, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wakweo wanakuja leo. Muatasim yuko nje, kaja kukuchukua."

Nilitegemea alie, au agome, au hata anitukane. Aliinama akaanza kufungua kamba za viatu.

Wallahi, hapo ndipo nilipokasirika kweli. Hasira zote za njiani zilikuwa mchezo. Tumemlea vipi mtoto huyu, hata aambiwe aache kitu anachokipenda kuliko vyote, na asiulize kwa nini? Na mtoaji amri mwenyewe hata mlango huu hauvuki. Amenituma mimi. Kila siku wananituma mimi, au mama, au shangazi, na sisi tunakwenda, ndiyo maana mambo haya yanawezekana.

"Funga viatu," nikamwambia.

"Lakini kaka..."

"Kaka akikutaka aje akuchukue mwenyewe. Funga viatu, Hala, nsije nkakuzaba kofi mbele ya watu!"

Akanitazama, akafunga. Nami nikakaa kwenye benchi la wachezaji wao wa akiba, nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Walifungwa. Kwa pointi moja, na mpira wa mwisho aliurusha Hala, ukazunguka juu ya pete ukaanguka nje. Alilia kwa kwikwi kifuani mwa kocha wake, na mimi nikalia pia, kwa ghadhabu.

Tulipotoka, Muatasim alikuwa anazunguka mbele ya pazia na simu sikioni, mama yake Luay kampigia. Ametabasamu lile tabasamu lake la kuongea na wakubwa. "Ndiyo, mama, homa. Imemshika ghafla, tuko naye hospitali hapa. Samahani sana kukuwekeni." Akaifunika simu kwa kiganja, akatugeukia. "Mmenidhalilisha. Na hata kombe hamkuleta."

Nilifungua kinywa nimpe zake. Hala akaniwahi. Aliinyakua simu mkononi mwa Muatasim, kwa wepesi ule ule niliouona uwanjani, akaipeleka sikioni.

"Shikamoo, mama. Hala hapa. Sina homa. Nilikuwa nacheza fainali ya kikapu Nizwa, na tumefungwa. Hakuna aliyenambia kama mnakuja."

Muatasim akanyoosha mkono kuichukua simu. Hala akamgeuzia bega, kama anavyomzuia adui asiuguse mpira, na akaendelea kusikiliza. Kaka akahamia upande wa pili. Akageuziwa bega na huko.