Dan Sai Yote Inachechemea

Phikun alishuka kwao Dan Sai kwenye basi lililotoka mji wa Khon Kaen, na mabegi mawili. Moja lilikuwa na nguo zake, la pili lilikuwa tupu, nalo lilikuwa la kumfungashia mama yake. Kule mjini chumba kilishasafishwa, kitanda cha kimo kifupi kilishanunuliwa, na bafuni fundi alishafunga chuma cha kujishikia. Yote hayo kwa sababu mama huyo, Mae Bualai, alianguka nyumbani akiwa peke yake, na tangu siku hiyo mguu wake wa kushoto una mambo yake. Phikun ni muuguzi, na muuguzi akishaamua kuwa wewe ni mgonjwa, hata ukipona unamkosea adabu.

"Siendi," mama alisema kabla hata binti hajavua viatu.

"Mama, ukianguka tena, nani atakuinua? Kuku?"

"Kuku wangu wana akili kuliko majirani zako wa ghorofani."

"Chumba nimeshalipia."

Macho ya mama yakawa madogo. Yeyote aliyelelewa nyumba ile angejua kuwa hapo pana ujanja unaiva.

"Haya, tuwekeane dau," alisema. "Kesho ni siku ya pepo. Mimi nitavaa kinyago, nicheze na wenzangu kutoka darajani hadi hekaluni. Ukinitambua ukaniita, nafungasha kesho hiyo hiyo, sisemi neno. Lakini nafasi ni moja. Ukimwita asiye mimi, umekwisha, na hilo begi lako utarudi nalo limejaa mahindi."

"Na nikikufunua kinyago?"

"Pepo havuliwi uso! We mtoto, nani alikulea?"

Phikun alicheka hadi akajishika ubavu. Miaka yote aliyokuwa mjini sikukuu hii aliiona kwenye simu tu, maana kila mwaka zamu ilimkuta wodini. Lakini kumkosa mama yake mzazi, tena anayechechemea? Aliona dau limeshaingia mfukoni.

Kulipokucha kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Phikun alikimbilia darajani akiwa na kofia ya jua na chupa ya maji, mtalii mtupu, akawakuta pepo wamejaa barabara nzima. Walivaa vichwani vile vikapu vya kupikia wali wa kunata, vimekunjwa kama kofia, na nyuso zao zilikuwa za makuti ya mnazi yaliyopakwa rangi, pua ndefu zimepinda. Mavazi yao yalikuwa viraka vya mablanketi na vyandarua vya zamani, na njuga za bati ziliwalia viunoni. Phikun akateremsha macho hadi chini, kwenye miguu. Hapo ndipo alipochoka.

Wote walikuwa wanachechemea. Warefu, wafupi, wanene, hata yule pepo aliyebeba mtoto mgongoni, kila mmoja aliburuta mguu wa kushoto.

"Nyie!" Phikun alipiga kelele. "Amewahonga nini?"

"Nani, shangazi?" pepo mmoja akajibu kwa sauti ya puani. "Sisi tuna baridi yabisi!"

"Muuguzi kaja! Foleni jamani, foleni!" mwingine akadakia, na pepo kumi wakajipanga mbele yake wakimnyooshea magoti. Mmoja akamchokoa kiunoni kwa ule mti mwekundu wanaoutembeza kuombea mvua, uliochongwa kwa umbo ambalo mama mkwe hatajiwi. Phikun aliruka, barabara nzima ikacheka. Alikasirika kwelikweli. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye hapa hakuwa kwao tena. Hilo lilimchoma zaidi ya ule mti.

Alifuata maandamano huku jasho likimtoka, akipima mabega na kukagua vidole. Karibu na soko akamwona aliyekuwa akimtafuta. Pepo mfupi, mnene, amevaa pazia la bluu lenye maua meupe, pazia la jikoni kwao, lenye alama ya moto pale Phikun mwenyewe alipoliunguza akiwa msichana. Alifungua kinywa aite.

Kabla neno halijatoka, yule pepo akateleza kwenye tope akaanguka kifudifudi.

Phikun alitupa chupa akakimbia, na alikimbia kama muuguzi, mikono mbele. Hakufika. Pepo walikuwa wameshamzingira. Wawili walimshika makwapa, mwingine akamkung'uta tope, mwingine akampenyezea maji chini ya kinyago, na mwingine alikuwa anampepea kwa kofia ya Phikun, ambayo hata hakujua imeibwa saa ngapi. Hakuna aliyeuliza huyu ni nani.

"Pisha, mgeni!" pepo mmoja alimkemea kwa sauti ya puani, akampiga kiwiko cha mbavu. "Usisimame kati kama nguzo, watu wako kazini!"

Phikun akapisha. Alibaki kando ya barabara, mikono yake haina la kufanya, machozi yakamjaa. Aliona aibu, kisha akaona raha ambayo hakuitegemea. Akalifuata pazia la bluu hadi lango la hekalu, akalishika mkono.

"Mama," alinong'ona. "Nimekujua. Lakini baki. Baki kwenu, nimekubali."

Pepo akatikisa njuga, akampigapiga shavu, akaingia kulizunguka hekalu pamoja na wenzake.

Baada ya mzunguko wa tatu vinyago vilivuliwa. Chini ya pazia la bluu akatokea mzee Thongsai, jirani wa nyuma, masharubu yamelowa.

"Asante sana, binti," alisema kwa heshima zote. "Nimeambiwa nibaki, basi nabaki. Mke wangu nitamweleza mwenyewe."

Mae Bualai alikuwa amekaa kwenye ngazi, kinyago mapajani, anakula papai bichi la kutwangwa na pilipili. "Umemwita asiye mimi," alisema. "Nenda kanunue mahindi."

"Nilikuwa nimeshakuachia, mama! Muulize!"

"Nimesikia. Ila kushindwa ni kushindwa tu, hata ukishindwa kwa huruma."

Phikun akaketi kando yake, akachota papai. Pilipili ikamtoa machozi, au tuseme ilikuwa pilipili.

"Ulikuwa wapi lakini? Mzee alipoanguka nilitazama kila mtu."

"Nilimshika kwapa la kulia," mama alisema, akijilamba kidole. "Mzito yule, kama ng'ombe. Na wewe umesimama mbele yangu unanizibia njia. Mbavu zinauma?"