Ng'ombe Ameshaliwa

Lusungu alisimama mbele ya baba yake na fomu ya kujiunga na MBA mkononi.

"Weka sahihi hapa, kwenye nafasi ya mdhamini, baba. Ile stashahada ya uzamili ya menejimenti ilikuwa ngazi tu ya kufikia hii."

"Ngazi?" Mzee Ambilikile alifoka. "Nilichinja ng'ombe, kijiji kizima cha Nkunga kikala, nikatangaza umemaliza shule! Leo niwaambie niliwadanganya?"

"Nilikwambia usichinje, baba!"

"Mbona maini uliyala?"

Lusungu aliikunja fomu kwa hasira. Mama yake akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Lete kalamu, mwanangu. Mimi siku ile nilishinda nikipika ndizi zao. Nyama hata sikuionja."